Ford ya Mbavu Nje

Auburn
Jumatatu, 19 Julai 2021

Shemeji Amne,

Kesho ni Idi, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii pilau yako italiwa bila mimi kuikosoa. Natumaini mtaila kwa huzuni.

Utashangaa kupata barua. Mzee mzima ana simu, kwa nini aandike kama mtu wa zamani? Sababu ni masikio. Simu nisipoiweka sauti ya nje sisikii, na nikiiweka yuniti nzima (ndivyo huku wanavyoita fleti) inasikia: binti yangu Ghaliya, mumewe, watoto, na nadhani hata Vénérand, yule Mrundi wa ukuta wa pili, maana juzi kaniuliza magoti yako yanaendeleaje. Kwa hiyo naandika. Mwandiko ni wa darasa la nne, usiucheke. Darasa la tano nililichungulia dirishani.

Jambo lenyewe ni Ford yangu. Tangu Januari iko uani kwako kwa sababu maegesho ya hapa yana upana wa jeneza, na tangu Januari inaumwa, haiwaki, na kila Jumapili napanda treni kuja Seven Hills kuitibu. Sasa kwa ajili ya korona wametufungia majumbani na kutembeleana ni marufuku. Halafu nimemsikia mwanao Yasir akimwambia Ghaliya kwenye simu (unaona faida ya sauti ya nje) kwamba wakifungua tu, chuma chakavu kile kinaondoka. Chuma chakavu. Mtoto niliyembeba mgongoni akanikojolea kanzu ya Maulidi.

Shemeji, usikubali. Gari lile ndicho kitu pekee nilicho nacho huku ambacho hakikununuliwa na binti yangu. Leseni ya barabara nimeilipia. Halafu mimi na Ford za kubeba mizigo tumezaliwa mwaka mmoja, 1948. Ya kwanza waliiita F-1. Mwaka 1953 wakaibadilisha jina ikawa F-100. Mimi jina sikubadilishwa, ila wewe uliniongezea mengine.

Dada yako, Mungu amrehemu, aliniachia watu wawili, Ghaliya na wewe. Ghaliya ananipikia bila chumvi kwa amri ya daktari. Wewe chumvi unaitia kwenye maneno. Nifunikie gari turubai, na uliambie nakuja.

Shemeji yako mtiifu (uongo),
Stambuli

Seven Hills
27 Julai 2021

Shemeji Stambuli,

Barua imefika. Bahasha umeifunga kwa plasta ya kidonda. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kucheka mwandiko, ya pili kwa kutafuta maana.

Pilau ilikuwa nzuri. Hakuna aliyesema karafuu zimezidi.

Nimesema na Yasir. Anataka ua wake awawekee watoto trampolini, na mimi siwezi kumwambia watoto waruke juu ya Ford. Nikamwambia, lile ni yuti, pikapu, mwanangu, huku watu wanazipenda yuti. Akasema, "Mama, lile si yuti, ni kabati lenye matairi." Tumebishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tumekubaliana hivi: siku watakayotufungulia, kama gari litatoka getini kwa injini yake lenyewe, litabaki, na trampolini itawekwa mbele ya nyumba. Lisipotoka, yuko mtu wa vyuma chakavu wa Bankstown mwenye winchi, ameshalipiga picha.

Kwa hiyo sema nifanye nini. Marehemu Ishaq wangu alikuwa dereva pamoja nawe kule shamba la mkonge, lakini mimi nilifua ovaroli zake tu, boneti sijawahi kufungua.

Na swali moja. Ugonjwa gani huu unaotaka daktari kila Jumapili saa ya chakula?

Amne

Auburn
5 Agosti 2021

Shemeji mpelelezi,

Nimemwomba Mungu anipe subira, akanipa shemeji.

Kwanza sahihisho. Ishaq alikuwa dereva. Mimi nilikuwa utingo. Ishaq alikaa mbele akipunga mkono kama waziri, mimi nilikaa nyuma juu ya marobota ya katani nikila vumbi. Nimeanza kazi mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, na mwaka huohuo Wamarekani wakatoa Ford mpya, na meneja wetu yule Mgiriki akaagiza moja. Ilipofika, shamba zima tuliacha kukata mkonge tukaenda kuitazama. Zile za nyuma yake zilikuwa na sura ya friji. Hii ilikuwa na mstari ubavuni uliotokeza kwa nje, kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma, kama mfupa wa ng'ombe aliyelishwa vizuri. Tukaiita Mbavu Nje. Walizitengeneza hizo mpaka 1972. Mwaka 1973 wakaleta nyingine, ubavu umebonyea kwa ndani, tukaiita Mbavu Ndani, na mimi nikasema basi, Amerika nako kumeingia njaa.

Ya Mbavu Nje tangi la petroli liko ndani, nyuma ya kiti. Unaendesha huku petroli inacheza chubwi-chubwi mgongoni kwako. Ishaq alikuwa akisikiliza mlio ule kujua imebaki kiasi gani, mshale hakuuamini. Kwenye Mbavu Ndani tangi wakalitoa nje. Watu wakasema ni maendeleo. Labda. Lakini dereva akabaki hana mtu wa kuzungumza naye.

Miaka yote ile usukani wa gari lile sikuushika hata mara moja. Ndiyo maana nilipoikuta Ford dada yake huku Sydney, imeletwa toka Amerika na usukani umeshahamishwa kulia, sikuuliza swali la pili. Na ni ya 1967 hasa, mwaka wa Azimio, kama ninavyosema siku zote.

Sasa kazi. Fungua boneti. Tazama oili kwa kile kijiti. Tazama maji. Betri itakuwa imekufa, tafuta wa kuichaji. Kisha piga kiti kofi, sikiliza tangi. Likilia, kuna petroli. Lisipolia, usilipige tena.

Kuhusu saa ya chakula, treni ndizo zinazopanga, siyo mimi.

Stambuli

Seven Hills
16 Agosti 2021

Shemeji,

Sasa ruhusa ya kutoka wametupunguzia, mwisho kilomita tano toka nyumbani. Kutoka kwako hadi kwangu ni treni nzima. Umebaki huko.

Kijiti nimekitazama, maji nimeyatazama, kiti nimekipiga kofi na tangi limelia. Betri ameichaji Mbuvi, jirani yetu wa upande wa mti wa limau, Mkamba wa Machakos, mtu wa adabu. Anasimama kwake na barakoa, mimi kwangu na barakoa, tunapigiana kelele juu ya ua kama tunauza samaki. Nilipowasha, selfu ikazungusha vizuri, nguvu zote, wee-wee-wee, lakini injini haikushika. Mbuvi anasema betri haina makosa. Sasa niangalie nini?

Ngoja, kuna jingine. Nimelikosha gari lako. Chini ya lile vumbi nimekuta vioo vidogo vya kung'aa ubavuni, mbele na nyuma. Na pua yake imegawanyika mara mbili, imejaa vijisanduku vidogo kama trei ya mayai. Mbuvi akatafuta kwenye simu yake. Vile vioo vya ubavuni vilianza 1968. Ile pua ya trei ya mayai ilianza 1970.

Shemeji, gari lako ni la 1970. Miaka yote umekaa sebuleni kwangu na kikombe changu mkononi unanihadithia Azimio. Watu hupunguza umri, wewe umeongeza.

Amne

Auburn
24 Agosti 2021

Shemeji,

Huyo Mbuvi mwambie aangalie mahindi yake.

Gari ni la 1967. Limegongwa mahali fulani njiani wakalitia pua ya 1970, na hivyo vioo wakavibandika kwa ajili ya polisi. Wewe una meno ya mbele ya mwaka 2015, je, tuseme umezaliwa 2015?

Huku Auburn mambo yamekuwa makubwa. Tangu jana ni marufuku kutoka kuanzia saa tatu za usiku. Helikopta inapita juu yetu inatukemea kwa kipaza sauti, nami kwa masikio haya nadhani inaadhini. Vénérand amenunua mtambo wa kukatia nywele na ametunyoa ghorofa nzima. Tumefanana wote, wafungwa wa gereza moja. Ghaliya amenipeleka kuchomwa sindano ya pili ya korona. Nikamwambia nesi, dada, choma pote, labda na masikio yatazibuka.

Kuhusu injini kutoshika, ni jambo la kawaida kwa gari la umri ule. Huenda ni baridi. Huenda ni hewa ya Seven Hills. Jaribu kuliacha lipumzike hadi nitakapokuja. Plagi usiguse. Kabureta usiguse. Na pale pembeni ya injini kuna kikombe cheusi kimetokwa na waya nyingi kama pweza, ndiyo distribyuta. Hicho kifuniko chake usikifungue kabisa, kina umeme wa kumrusha mtu hadi Bankstown.

Mwombe Yasir atuongezee muda. Mwambie baba yake mkubwa anaumwa.

Stambuli

Seven Hills
31 Agosti 2021

Stambuli,

Nimekifungua.

Rota iko wapi?

Usinijibu kwamba hujui. Nimelala na dereva wa shamba la mkonge miaka ishirini na minne. Kila jioni Ishaq alifungua kile kifuniko, akatoa rota, akaitia mfukoni, kwa sababu nyie wote mlifanya hivyo, ili gari la meneja lisiibwe usiku, maana bila rota injini haishiki. Alilala nayo chini ya mto. Kila asubuhi nikitandika kitanda naikuta, kijidude cheusi cha ukubwa wa kokwa ya embe, na shuka zangu zote zina alama ya grisi. Wewe mwenyewe, utingo, siku ulizoachiwa kuitunza dada yangu alikufukuza kitandani kwa ajili ya rota.

Kwa hiyo Januari, Jumapili ile ya kwanza uliposema gari linaumwa, uliponyanyuka kwenda kunawa koti lako lilining'inia kwenye kiti, likagonga mguu wa meza. Tok. Mlio ule naujua kama sauti ya mama yangu. Nikajua gari halina ugonjwa. Nikapakua wali.

Jumapili zote zile nimepakua wali, na sikusema kitu. Sasa hebu fikiri kwa nini, kama darasa la nne linatosha.

Ila mtu wa Bankstown hatalipwa kwa fikra. Leta rota.

Amne

Auburn
8 Septemba 2021

Shemeji Amne,

Barua yako nimeisoma nimekaa kitandani, na Ghaliya akaniuliza baba mbona umeshika kifua, nikamwambia ni sindano.

Rota hii hapa. Nimeifunga kwenye soksi, soksi nimeitia kwenye kopo la halua, na halua nimekuachia kidogo pembeni, hiyo yenye harufu ya oili usiile. Mtu wa posta aliniuliza ni kitu gani. Nikamwambia ni moyo. Akaniomba nitie sahihi.

Kuiweka: ina kipengele ndani, kitaingia upande mmoja tu. Ikikataa usiilazimishe, izungushe pole pole mpaka ikubali yenyewe. Kisha funika, bana vibano viwili. Gia ziko kwenye usukani: vuta kwako na chini ni namba moja, kwako na juu ni kurudi nyuma. Klachi ni nzito kama deni, utahitaji miguu yote miwili na dua.

Kuhusu kwa nini ulipakua wali, nimefikiri. Nimefikiri siku mbili, na watoto wakadhani nimepata korona maana sikumtania mtu.

Sikiliza. Mtu wa miaka sabini na tatu akikuambia anapenda wali wako, ni kweli, lakini wali uko hata Auburn. Umekaa peke yako miaka sita tangu Ishaq, mimi minane tangu dada yako. Kutaniana tumetaniana vya kutosha kwa mashemeji kumi. Basi naona tuoane, tutaniane chini ya dari moja, tuokoe na nauli ya treni. Mnaonaje, wewe na Ford?

Stambuli

Seven Hills
17 Septemba 2021

Shemeji,

Kopo limefika. Halua yote inanuka oili, nimeila hivyo hivyo.

Ama hilo jingine. Mimi ni mtoto wa Tanga, Stambuli, na nina mwana mtu mzima. Posa haiji kwa stempu ya posta. Haiji ndani ya soksi. Posa ni barua safi, imeandikwa kwa mwenyeji wa nyumba, imeletwa mkononi na mshenga mwenye akili, akaketi, akanywa kahawa, akajisafisha koo. Hata kama mwenyeji ni Yasir na ameketi kwa kaptura. Niliposwa hivyo mara ya kwanza na sitakubali pungufu mara ya pili kwa sababu tu kuna ugonjwa mjini.

Leta mshenga, utajibiwa.

Kuhusu gari usiniulize.

Amne

Auburn
29 Septemba 2021

Shemeji,

Mshenga sina. Mzee wa msikitini amejifungia kwake, mkewe kaupata ugonjwa. Mume wa Ghaliya anasema yuko tayari, lakini akikutazama machoni huanza kucheka. Nikamwendea Vénérand. Ni Mkatoliki, lakini ana suti. Alikubali mara moja, akafanya na mazoezi kwenye kibaraza, akakohoa vizuri sana, mwishoni tukakumbuka kilomita tano. Tumebaki na suti.

Umesema nisikuulize kuhusu gari, kwa hiyo siulizi. Ila mtu akiambiwa asiulize huelewa. Rota haikuingia. Au imeingia, nayo Ford imenisusa kwa kuipokonya kiungo chake tangu Januari, na ina haki. Wametangaza watatufungulia tarehe kumi na moja, Jumatatu, na mtu wa Bankstown bila shaka ameshaweka mafuta kwenye winchi.

Basi mwachie. Nimeamua. Nilikuwa nadhani ninachoogopa ni Ford kuondoka. Kumbe Ford ni chuma, ina bahati mbaya tu ya kuegeshwa karibu nawe. Likishaondoka sitakuwa na sababu ya kuja, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Gari achukue. Nawe niruhusu nije bila gari.

Stambuli

Auburn
Jumatatu, 11 Oktoba 2021
Kwa mkono

Kwa mwanangu Yasir bin Ishaq, mwenyeji wa nyumba ya Seven Hills,

Salamu zikufikie ukiwa umeamka, maana najua umetoka zamu ya usiku.

Usishtuke na mwandiko. Ninaandika juu ya boneti na injini inawaka, kila herufi inatetemeka. Mama yako amekataa kuizima. Anasema amefika mpaka hapa kwa Bismillahi na hana uhakika kama itawaka tena.

Nilikuwa kibarazani nakunywa chai nikaona Mbavu Nje inakata kona ya mtaa wetu, imekoshwa inang'aa, na nyuma yake msafara wa magari yanayopiga honi kama harusi imeshaanza. Amekuja kwa gia ya pili toka Seven Hills hadi Auburn, ya tatu anasema haitaki haraka hiyo. Amekalia mito miwili. Pipa letu la takataka amelilaza chini. Akashusha kioo, akanitazama kama ninayemchelewesha, akasema, "Andika. Nasubiri."

Nikamwuliza amejifunza lini. Ameniambia kila mchana ukiwa umelala, mbele na nyuma, mbele na nyuma pale uani, na Mbuvi akimwelekeza toka kwenye mlimau. Ule mti wa chuma wa kuanikia nguo uliokuta umeinama, haukuinamishwa na upepo.

Basi, mwanangu, mimi Stambuli, baba yako mkubwa, ninaposa kwako mama yako Amne. Nina afya ya kutosha, masikio kidogo, meno kadhaa, na sindano mbili. Nitamheshimu kadiri atakavyoniruhusu. Mbebaji wa barua hii ni mshenga mwenye akili kama ilivyotakiwa. Najua si desturi mtu kuwa mshenga wa posa yake mwenyewe, lakini kati yetu sote ni yeye peke yake aliye na usafiri. Mpe kahawa, mwache ajisafishe koo.

Vénérand anashuhudia hapa, amevaa suti.

Na gari limetoka getini kwa injini yake lenyewe. Naomba hilo liandikwe.

Baba yako mkubwa,
Stambuli

Seven Hills
12 Oktoba 2021

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Sorry Kiswahili changu cha kuandika si nzuri.

Jana niliamka nikaona uani hakuna gari na hakuna mama. Nikampigia yule jamaa wa Bankstown kumgombeza kwa nini amekuja mapema na kwa nini amechukua na mama. Akanikatia simu. Halafu nikasikia honi, mama akaingia na gari, akashuka, akaketi sebuleni kwenye kiti cha wageni, akaomba kahawa. Akakohoa. Akanipa barua yako. Nikasoma mbele yake, yeye anatazama dari.

Nimekubali. Trampolini inakwenda mbele ya nyumba. Mahari ameitaja mwenyewe, ameandika hapo chini. Mimi nimejaribu kukutetea, wallahi.

Yasir

Stambuli,

Mahari yangu ni Ford, yote, pamoja na pua yake ya 1970. Mwaka huo utamtajia shehe kwa mdomo wako, mbele ya mashahidi.

Jumapili njoo kula. Utakuja kwa treni kama zamani, maana gari ni langu, na rota nalala nayo mimi.

Amne